Somo: Kufuatilia moshi na vumbi la jangwani kwa picha za satelaiti, ukiwa Mwanza

Wakuu, kiangazi kikikolea, kati ya Juni na Oktoba, utusitusi hutanda juu ya ziwa na kila mtu ana maelezo yake: moshi, vumbi, ukungu. Unaweza kujichunguzia mwenyewe kwa simu na bando dogo.

1. Fungua Worldview, tovuti ya NASA. Ni bure. Chagua picha ya rangi halisi ya VIIRS, chombo kilichomo kwenye satelaiti za Suomi NPP, NOAA-20 na NOAA-21. Hupita kwetu mchana, mnamo saa nane. Saa ikiandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza saa 3.

2. Soma rangi. Wingu ni jeupe na lina kingo. Moshi ni wa kijivu chenye ubluu, umetandaa, na vilivyo chini yake bado vinaonekana. Vumbi lina umanjano au ukahawia.

Hapa tusiharakishe. Juu ya nchi kavu iliyokauka, moshi mwembamba haushikiki kirahisi. Ziwa ndilo ubao wetu mweusi: maji ni meusi pichani, hivyo hata utando hafifu hujitokeza. Ila kuna mtego, nao ni mng'ao wa jua. Siku nyingine ukanda mzima wa maji hugeuka rangi ya fedha, na watu husambaza picha wakisema ziwa limefunikwa na moshi. Tazama ufukweni. Mng'ao huishia maji yanapoishia. Moshi huvuka na kuendelea nchi kavu. Kisha linganisha satelaiti hizo tatu, kwa kuwa hazipiti kwa wakati mmoja na mng'ao huhama.

3. Washa alama za moto. Zipo humo humo, na pia kwenye FIRMS, tovuti ya NASA ya kufuatilia moto, ambako huonekana ndani ya saa 3 hivi baada ya satelaiti kupita. Nukta ya VIIRS inawakilisha eneo la takriban mita 375 kwa 375. Haimaanishi kwamba eneo lote hilo linaungua. Moto wa shamba moja unatosha kuiwasha.

4. Uliza upepo. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayotuingiza kwenye lawama zisizo na msingi. Moto ulio upande ambao upepo unaelekea hauwezi kuwa chanzo cha moshi ulio juu yako. Upepo ukitoka kusini, angalia nukta za Tabora kabla ya kuwanyooshea kidole watu wa Bukoba. Utabiri wa Copernicus CAMS, huduma ya Ulaya ya kufuatilia hewa, unaonyesha moshi na vumbi kwa siku 5 zijazo.

5. Vumbi la jangwani lifuatilie kwa Meteosat, satelaiti za Ulaya za hali ya hewa, kwenye picha maalumu ya vumbi ambayo hulionyesha kwa rangi ya waridi, usiku na mchana, kila dakika 10 hadi 15. Jifunzie kwa Bodélé, bonde la jangwani lenye vumbi jingi nchini Chad, kati ya Desemba na Februari. Vumbi lake kwa kawaida huelekea magharibi, hadi Atlantiki, kwa hiyo vumbi la Mwanza lianze kutafutwa kwenye barabara na mashamba ya jirani.

MASWALI

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimehamia Kirumba kutoka Dodoma. Naona nguzo za moshi katikati ya ziwa, lakini pichani hakuna kitu.

Jibu: Marahaba. Hao huenda ni wadudu wa ziwani. Hutoka majini kwa wingi mno na kupaa kwa makundi yanayofanana kabisa na moshi. Wakifika ufukweni utawajua.

Swali: Mwanangu ana pumu. Nikiona moshi kwenye picha nimzuie kutoka nje?

Jibu: Pole, dada. Usiamue kwa picha peke yake. Satelaiti hutazama hewa yote kutoka juu hadi chini. Moshi unaweza kuwa kilomita kadhaa juu na hewa mnayovuta ikawa nzuri, au picha ikawa safi huku jirani anachoma taka. Tafuta kipimo cha PM2.5, yaani chembechembe ndogo mno za hewani, kilicho karibu. Kiwango cha WHO cha mwaka 2021 ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Dawa zake afuate alivyoelekezwa na daktari.

Swali: Mkuu, mawingu yakifunika?

Jibu: Rangi halisi haitakusaidia. Tumia faharasa ya erosoli (chembechembe zinazoelea hewani) ya OMPS, chombo kingine cha satelaiti; ipo Worldview. Hutumia miale ya urujuanimno, na moshi au vumbi lililo juu ya wingu huonekana. Lililo chini ya wingu halionekani. Subiri picha ya kesho.