Limao: kutoa magamba kwenye birika, kutu na shombo la samaki

Wengi limao tunalikamulia kwenye supu basi, ganda linaenda jalalani, wakati ule ukali wake unafanya kazi kibao za nyumbani. Juisi yake ina asidi ya sitriki kama asilimia 5 hadi 6 na pH yake iko kati ya 2 na 3 (maji safi ni 7, namba ikishuka ndo ukali unapanda). Cha kushika ni kwamba asidi inataka muda, sio nguvu za mkono.

Anza na birika la umeme, wanaotumia maji ya kisima wanayajua yale magamba meupe yanayoganda chini mpaka maji yanachelewa kuchemka. Ile ni chokaa. Kamua malimao mawili, ongeza maji yafunike magamba, chemsha, zima, acha kama saa nzima. Utaona vipovu vidogo vidogo vinapanda kutoka kwenye magamba, ni gesi ya kaboni dioksidi inatoka chokaa ikiyeyuka, yani ndo kazi inafanyika hapo. Vipovu vikiisha na magamba bado yapo ujue asidi imekwisha nguvu, mwaga uweke limao jingine, usichukue kisu ukaanza kukwangua utaharibu birika. Ukimaliza suuza, chemsha maji matupu mara moja uyamwage.

Kisu au panga lenye kutu: mwagia chumvi juu ya kutu, kamulia limao mpaka chumvi ilowe, acha masaa mawili matatu afu sugua kwa lile lile ganda. Suuza, kausha vizuri na upake mafuta ya kula kidogo, maana chuma kikibaki na unyevu na asidi kutu inarudi haraka sana. Sufuria ya alumini iliyokua nyeusi kwa ndani we chemshia maganda na maji robo saa, weusi unatoka, ila chakula chenye limao usikilaze humo.

Shombo la samaki mkononi nalo ni hivo hivo, sabuni peke yake inahangaika, limao linaikamata ile harufu isiruke tena hewani. Pakaa, subiri kidogo, nawa.

Sasa hapa naomba msome taratibu. USICHANGANYE limao na jiki, inatoka gesi ya klorini inayochoma mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha ndo hatari zaidi. Usimwage kwenye sakafu ya terazo, ina chokaa ile ile ya kwenye birika kwahiyo limao litaharibu mng'aro wake wote. Kuchanganya na magadi pia ni kupoteza limao, vinauana nguvu. Na ukishamaliza kukamua limao, hasa ndimu, nawa mikono na sabuni kabla hujatoka juani, juisi ikipigwa na jua ngozi inababuka malengelenge na alama nyeusi inaweza kukaa wiki kadhaa, watoto ndo muwaangalie zaidi.