Kofia ya sufu kwa sindano mbili

Kofia ya mtu mzima hula takriban gramu 100 za uzi wa unene wa kati. Tafuta sindano za milimita 5, na za milimita 4 kwa ajili ya ukingo.

Kwanza fuma kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikaushe, ndipo uhesabu: ndani ya sentimita 10 viwepo vitanzi 18. Ukipata 20, vitanzi 90 vitatoa kofia ya sentimita 45, itabana. Ukipata 16 itafika 56 na kushuka machoni. Dawa ni kubadili sindano: nene zaidi ikibana, nyembamba zaidi ikipwaya. Kujilazimisha kukaza au kulegeza uzi hakusaidii, maana mkono ukichoka hurudia mazoea yake.

Anzisha vitanzi 90 kwa sindano ya 5, ingawa ukingo unafumwa kwa ya 4. Mwanzo ukikaza, kofia huacha alama kwenye paji la uso. Hamia sindano za 4: viwili vya wazi (uzi nyuma ya sindano), viwili vya kinyume (uzi mbele), ukimalizia na viwili vya wazi. Ukirudi, anza na viwili vya kinyume. Sentimita 6 zinatosha.

Rudi kwenye sindano za 5. Fuma mstari wa wazi, unaofuata wa kinyume, hadi kofia yote ifike sentimita 14. Sasa punguza, kwenye mistari ya wazi tu: fuma 1, kisha mara 8, fuma 9 na unganisha 2, malizia na 1. Vinabaki 82. Mstari wa wazi unaofuata fuma 8 kabla ya kuunganisha, halafu 7, hivyo hivyo hadi 1, vitabaki 18. Hesabu kila ukipunguza, kwani kufumua mstari mmoja ni nafuu kuliko kufumua utosi mzima. Rudi kwa kinyume, kisha unganisha viwili viwili vibaki 9. Kata uzi ukiacha sentimita 50, upitishe ndani ya vyote 9, vuta ukaze, na kwa uzi huohuo shona ubavu, ukichukua kitanzi kimoja kila upande.

Ya zawadi, chagua uzi kwa kumfikiria atakayeifua. Sufu halisi ikisuguliwa kwenye maji ya moto hushikamana, ikasinyaa isirudi tena. Akriliki huvumilia mashine, ila isiguswe na pasi: joto huilegeza moja kwa moja.