Somo: Kuuanza mwaka kwa nyumba zetu za Kusini (hela ya korosho, chakula hadi Mei, na mwili)

Kila Januari nakuta ujumbe uleule: "Mama Somoe, mwaka huu nataka nibadilike, nianzie wapi?" Nimejibu mpaka basi. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mipango mingi ya mwaka mpya inayozunguka kwenye simu inamfaa mtu wa mshahara. Kwetu kusini mwa Tanzania, Masasi, Newala, Tandahimba na Ruangwa, mwaka wa hela unaanza Oktoba minada ya korosho inapofunguliwa. Ikifika Januari hela nyingi imeshapita, palizi imepamba moto, watoto wanadai sare, na mahindi mapya hayaonekani hadi Aprili au Mei. Ndiyo maana mimi sitenganishi kula vizuri na kutumia vizuri. Ghala likiisha Machi, hutachagua chakula, utakula kilichopo.

Hatua ya 1. Nunua daftari, andika kila shilingi inayotoka kwa wiki mbili. Na vocha, na bodaboda.

Hatua ya 2. Maliza vya shule na deni la dukani kabla hujagusa kingine.

Hatua ya 3. Chakula hadi mavuno. Hapa soma taratibu.

Pima unga mnaotumia kwa wiki moja, zidisha kwa wiki zilizobaki. Tuseme kilo 7 za dona kwa wiki, na kutoka katikati ya Januari hadi katikati ya Mei ni kama wiki 17. Hiyo ni kilo 119: gunia la kilo 100 na debe juu yake. Ukinunua kilo mbilimbili dukani kila jioni, utalipa zaidi na hutajua umelipa ngapi.

Lakini gunia bila ukavu ni hasara. Hatua hii ndiyo iliyotushinda nyumbani kwetu: mahindi yalinunuliwa msimu wa mvua, yakaonekana makavu kwa macho, yakafungwa. Tulipofungua yalikuwa yameshikana mabonge, ya kijani kwa ndani, na harufu ya udongo mbichi. Basi shika haya:

Usiamini jino wala macho. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi mpaka robo yake, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Rudisha juani, juu ya turubai, siyo chini kwenye udongo.

Yaliyoota ukungu usiyaoshe ukayala. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kuosha, haifi kwa kupika, na inaumiza ini. Usiwape kuku eti "wao hawadhuriki". Karanga zilizosinyaa na kubadilika rangi, hivyohivyo.

Mifuko ile isiyopitisha hewa, yenye nailoni mbili ndani, inaua wadudu bila dawa kwa sababu wanakosa hewa. Kila nailoni ifungwe peke yake. Panya akitoboa tundu moja, umebaki na mfuko wa kawaida wa bei mbaya. Weka juu ya chanja, mbali na ukuta.

Narudia kwa wanaoruka mistari: MFUKO HAUKAUSHI MAHINDI. Ukifunga mabichi, umefunga uozo.

Hatua ya 4. Sahani. Nusu iwe mboga za majani na matunda, robo ugali au wali au muhogo, robo kunde, mbaazi, choroko, samaki au yai. Mboga sasa hivi ziko uani: matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, kisamvu. Na msinidharaulie mbaazi. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi, bei ilianguka na watu huku wakalia, lakini sufuria ya mbaazi za nazi haijui bei ya India. Mtu anauza mbaazi zote Septemba, Januari ananunua soseji. Haya.

Hatua ya 5. Chumvi, sukari, mafuta. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Nyumba ya watu wazima watano, pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20, na hapo sijahesabu ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi. Sukari: vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vitatu ni kama gramu 36, wakati wanashauri isivuke 50 kwa siku, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Mafuta nunua lita, acha vile vifuko vya siku moja.

Hatua ya 6. Mwili. Dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Anayeshika jembe asubuhi yote ameshamaliza, aende akapumzike. Nawasema wa dukani, ofisini na juu ya bodaboda.

Hatua ya 7. Weka hisa kwenye kikoba kila wiki, hata ndogo, na kausha damu, yule mkopeshaji wa riba kali, usimkaribie.

Maswali chini. Someni kwanza.

MASWALI

Kijana wa Nachingwea: Somo refu mama. Kwa kifupi nile nini nipungue kilo 10 mwezi huu?

Mama Somoe: Kwa kifupi, hatua ya 4, 5 na 6. Kilo 10 kwa mwezi sifundishi.

Mtumishi Mpya: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, nimepangiwa Tandahimba, sina korosho, nina mshahara tu. Hili linanihusu vipi?

Mama Somoe: Marahaba mwanangu, karibu. Linakuhusu kuliko unavyodhani. Wewe hela yako haikatiki, ila bei ya sokoni inapanda na kushuka na sisi. Wakati wa mavuno, nafaka ikiwa rahisi, nunua ya miezi yote kwa mkupuo. Korosho zikilipwa, mji unachangamka na kila kitu kinapanda, hata nauli ya boda. Ukiwa na gunia ndani, hiyo miezi unaiangalia tu. Na kata akiba siku mshahara unaingia, usisubiri kitakachobaki.

Fundi Baiskeli: Hiyo ya chumvi nimejaribu, imeganda kwenye chupa wakati mahindi nimeyaanika siku nne. Kipimo chako kina kasoro.

Mama Somoe: Chumvi uliikausha?

Fundi Baiskeli: Nimeitoa kwenye pakiti.

Mama Somoe: Nimeandika "chumvi kavu". Mvua hizi chumvi ya pakiti iliyofunguliwa inavuta maji yenyewe. Ianike juani au ipashe kwenye kikaango kikavu, ipoe, ndipo upime.

Bi Mkubwa wa Kilwa: Mwanangu nami niulize. Mzee wangu ana presha na hali bila ng'onda. Nimnyime?

Mama Somoe: Shikamoo bibi. Usimnyime, atakula kwa jirani. Loweka ng'onda usiku, mwaga maji, suuza, loweka tena asubuhi, kisha pika bila kuongeza chumvi hata chembe. Ladha itoke kwenye ndimu, kitunguu, nyanya na tui jepesi. Samaki mbichi akipatikana, ng'onda ipumzike. Na dawa zake asiache kwa sababu chumvi imepungua, hilo lasemwa na daktari wake, siyo mimi.

Bi Mkubwa wa Kilwa: Marahaba. Nazi nyumbani ndiyo kila kitu, uongo dhambi. Tui jepesi nitajaribu.

Mchuuzi Shangani: Je, sembe na dona? Watu wanasema dona ni chakula cha jela.

Mama Somoe: Swali zuri. Dona inabaki na kiini na pumba, ndimo zilimo vitamini na nyuzi, na debe moja linatoa unga mwingi zaidi kwa sababu hakuna kinachokobolewa. Lakini mambo mawili. Kwanza, unga wa dona unachacha mapema kwa mafuta ya kile kiini, saga wa wiki moja au mbili tu. Pili, sumukuvu ikiwemo hukaa zaidi kwenye pumba na kiini hichohicho, kwa hiyo dona ya mahindi mabaya ni mbaya kuliko sembe yake. Chagua punje kabla ya kwenda mashineni. Hao wanaosema ni chakula cha jela waache na sembe yao.

Kijana wa Nachingwea: Na mtu ambaye ameshachukua hela kwa korosho za msimu ujao je? Naulizia rafiki.

Mama Somoe: Mwambie rafiki hiyo ni kangomba, na hairuhusiwi. Asiongeze nyingine juu yake. Aende na daftari kwa watu wa kikoba chake, aseme kiasi halisi, apange kuilipa kwa fedha badala ya kwa korosho, maana kilo atakazotoa zitakuwa na thamani kubwa kuliko alichopokea. Nawe umesoma hatua ya 6?

Kijana wa Nachingwea: Nimesoma. Natembea kesho.

Mchuuzi Shangani: Aje huku ufukweni alfajiri maji yakiwa yametoka, mchanga ni mgumu, hauumizi magoti. Halafu mama, watoto shuleni nawafungia biskuti, kuna mbadala wa bei hiyo?

Mama Somoe: Ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha ikiwa msimu wake, mabumunda, njugu mawe, au korosho zile zilizovunjika, wauzaji huzitoa bei ya chini na ladha ni ileile. Embe lililookotwa uani halina bei.

Mtumishi Mpya: Mabumunda ndiyo nini mama?

Bi Mkubwa wa Kilwa: Huyu niachie mimi. Njoo Kilwa na unga wako, mwanangu, na nazi moja.