Kujiandaa na LSAT ya Kompyuta kwa Aliyezoea Kalamu na Karatasi

LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria za Marekani na Kanada, ulianza mwaka 1948, na kwa miaka zaidi ya 70 ulifanywa kwa penseli: kijitabu mezani, karatasi ya majibu pembeni, unajaza viduara. Julai 2019 waandaaji wake, LSAC, waliwagawa watahiniwa mafungu mawili, wengine karatasi na wengine tableti. Kuanzia Septemba mwaka huo karatasi ikaondoka, ikabaki kwa wenye ruhusa maalumu. Mwaka 2020 corona ikausogeza mtihani hadi nyumbani. Agosti 2024 sehemu ya mafumbo ya mantiki ikafutwa. Chanzo ni kesi iliyomalizwa kwa makubaliano mwaka 2019, ambamo mwombaji asiyeona alidai kwamba mafumbo yale, ambayo watu huyatatua kwa kuchora michoro, yanambagua.

Kazi yangu ni kuwaandaa watu wetu wa Afrika Mashariki wanaoishi huku Marekani kwa ajili ya mtihani huu, na naona jambo moja likijirudia. Mtu anarithi vitabu vya mazoezi kutoka kwa binamu au rafiki, anavisoma miezi kadhaa, anapata majibu sahihi akiwa na kalamu mkononi. Akikaa mbele ya skrini, kasi inapotea na kujiamini kunaondoka nako. Akili inayopimwa ni ileile ya zamani. Kilichobadilika ni kazi ya mkono na macho. Basi mkono na macho vifunze tangu siku ya kwanza, usisubiri wiki ya mwisho.

Hatua ya 1: Hakikisha mtihani huu unakuhusu

Huku Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza ya fani yoyote. Shahada hiyo ya miaka 3 inaitwa JD, na ndiyo inayodai LSAT. Kama ulishamaliza LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, Dar es Salaam, Nairobi au Makerere na unachotaka ni LLM, shahada ya uzamili ya sheria ya mwaka mmoja, kwa kawaida LSAT haihitajiki. Vyuo vitataka uthibitisho wa Kiingereza kama TOEFL. Uliza chuo chenyewe kabla hujanunua kitabu chochote. Zipo pia shule za JD zinazopokea GRE, mtihani wa jumla wa kuingilia masomo ya uzamili, Harvard ikiwamo tangu 2017, lakini kama lengo lako ni sheria tu, fanya LSAT.

Hatua ya 2: Majina, mahali na ada

Fungua akaunti LSAC, na kabla hujabofya lolote weka kitambulisho chako mezani. Jina la kwanza na la mwisho kwenye akaunti lazima yalingane na yaliyo kwenye kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani. Kwetu hapa ndipo pagumu. Pasipoti ina majina matatu, leseni ya udereva ina mawili, karatasi za ukimbizi zimeweka jina la babu mahali pa ukoo, na mtu anajulikana chuoni kwa jina la nne kabisa. Chagua kitambulisho kimoja, andika kama kilivyo, na kama kuna kosa omba lirekebishwe wiki nyingi kabla. Msimamizi wa mlangoni hana mamlaka ya kukuelewa.

Mtihani unasimamiwa na kampuni ya Prometric. Kwa miaka kadhaa mtahiniwa aliweza kuchagua nyumbani au kituoni, lakini LSAC ilitangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 wengi watafika kituoni, na nyumbani kutabaki kwa wenye sababu za kiafya au ugumu mkubwa wa kufika. Binafsi nimelipokea vizuri. Ukiishi nyumba yenye watoto, wageni na chumba kimoja chenye mlango, kituo kinakupa utulivu ambao hakuna shangazi atakayeweza kukuhakikishia. Mara dirisha la kuchagua kituo likifunguliwa, chagua siku hiyohiyo, maana nafasi za karibu huisha.

Upo msamaha wa ada kwa wenye kipato kidogo, na hugharamia pia mitihani ya mazoezi ya mtandaoni. Omba kwanza, ulipe baadaye. Kama una tatizo la macho, usomaji, umakini au maumivu ya mgongo, omba utaratibu maalumu: muda wa ziada, maandishi makubwa, mapumziko zaidi, hata mtihani wa karatasi. Wengi wetu huona haya kuomba. Hayo ni haki kisheria, na mara nyingi maombi yanahitaji nyaraka za daktari, kwa hiyo yaanze mapema.

Hatua ya 3: Jipime, tena kwenye skrini

Ingia LawHub, jukwaa la LSAC lenyewe, ambalo lina mitihani kamili ya bure yenye sura ileile utakayokutana nayo. Fanya mmoja kabla hujasoma mbinu yoyote.

Utakuta sehemu nne za dakika 35 kila moja, na mapumziko ya dakika 10 baada ya mbili za kwanza. Mbili ni za kupima hoja, moja ni ya ufahamu, na ya nne ni ya majaribio, ambayo haihesabiwi na inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo mbili. Usijaribu kubahatisha ni ipi. Zote zifanye kama zinahesabiwa. Alama huanzia 120 hadi 180. Kila swali lina majibu matano, na jibu baya halipunguzi kitu, kwa hiyo ni marufuku kuacha swali tupu.

Vile vitabu ulivyorithi usivitupe. Kurasa za mafumbo ya mantiki ziruke. Maswali ya hoja na ufahamu bado ni dhahabu, ila yatumie kujifunza polepole, na kila zoezi la kupima muda lifanyie kwenye kompyuta.

Hatua ya 4: Fundisha mkono

Kwenye karatasi ulizoea kuzungushia neno duara, kuchora mshale kutoka sentensi moja hadi nyingine, kuandika pembeni. Mshale haupo tena. Ulichonacho ni rangi za kupaka maandishi, mstari wa chini, alama ya kukata majibu, bendera ya kuweka kwenye swali la kurudia, na safu ya namba chini ya skrini inayokuonyesha ulichojibu na ulichoruka. Unaweza pia kuongeza ukubwa wa herufi na kuificha saa mpaka dakika tano za mwisho.

Rangi zitakuvuta, hasa kama ulikuwa mtu wa kupigia mistari kila ukurasa. Skrini iliyopakwa yote haikuonyeshi kitu. Wanafunzi wangu nawapa kanuni hii: rangi moja kwa hitimisho la mwandishi tu, rangi ya pili kwa maneno yanayogeuza mwelekeo kama "lakini" na "hata hivyo", ya tatu ikae. Kukata majibu kufanye kuwe mazoea mpaka usikufikirie: ukiona jibu halifai, likate papo hapo, jicho lisirudi tena kulisoma.

Karatasi ya kuchoreachorea inaruhusiwa, lakini kila unapoinamisha kichwa kuandika na kukiinua tena, sekunde zinakwenda na mahali ulipofikia panapotea. Andika maneno mawili matatu, siyo sentensi. Na kama laptopu yako huitumia kwa kidole, nunua kipanya cha bei nafuu ufanyie mazoezi, maana kituoni utakuta kompyuta ya mezani.

Hatua ya 5: Maswali ya hoja, moja baada ya jingine

Hapa ndipo sehemu kubwa ya alama zako zilipo, basi hapa ndipo pa kutumia muda. Chukua hoja hii niliyoitunga:

*Tangu kivuko kipya kianze kazi, abiria wanaochelewa kazini wamepungua. Kwa hiyo kivuko kipya kina kasi kuliko cha zamani.*

Swali: ni jambo gani, likiwa kweli, linaidhoofisha zaidi hoja hii?

(A) Kivuko kipya hubeba magari mengi zaidi.
(B) Cha zamani kiliondoka kila baada ya saa moja; kipya huondoka kila baada ya dakika 20.
(C) Abiria wengi wanakipenda kivuko kipya.
(D) Nauli haijabadilika.
(E) Baadhi ya abiria bado wanachelewa.

Soma swali kwanza ili ujue unatafuta nini. Kisha soma hoja na upake rangi sentensi ya "Kwa hiyo". Kabla hujashuka kwenye majibu, simama ujiulize: kati ya ushahidi na hitimisho, pengo liko wapi? Ushahidi unahusu watu kuwahi. Hitimisho linahusu kasi ya chombo majini. Mtu anaweza kuwahi kwa sababu nyingine kabisa. Ukishalishika pengo, majibu yanajichuja: A kata, haihusu kuwahi. C kata, mapenzi si kasi. D kata. E inavuta, kwa sababu inasikika kama pingamizi, lakini mwandishi alisema wamepungua, hakusema wameisha, kata. B inaleta sababu nyingine ya watu kuwahi, yaani vivuko vya mara kwa mara, hata kama kasi ni ileile. Bofya B, songa mbele.

Mtego wa E ndio unaowanasa watu wetu wengi. Mjadala wa kwetu barazani unaruhusu kuleta mfano mmoja wa kupinga na watu wakakubali. LSAT haikubali. Maneno ya kiasi kama baadhi, wengi na wote yapime kwa uzito wake halisi kila unapoyaona, na jibu lihukumu kwa yaliyoandikwa tu, siyo kwa unayoyajua kuhusu vivuko.

Sehemu nzima ina maswali yapatayo 25, na kwa jumla yanazidi ugumu kadiri unavyosonga. Swali likikushika zaidi ya dakika mbili, chagua jibu lolote, weka bendera, endelea.

Hatua ya 6: Ufahamu bila kupotea njiani

Kuna vifungu vinne: sheria, sayansi, jamii, sanaa na fasihi, na kimojawapo ni matini mbili fupi za kulinganisha. Kwenye karatasi ulikumbuka kwamba jambo fulani lilikuwa "juu kushoto". Kwenye skrini unayoishusha na kuipandisha, kumbukumbu hiyo ya mahali haifanyi kazi. Badala yake, mwisho wa kila aya simama kidogo useme kimoyomoyo aya hii imefanya kazi gani: imeleta nadharia, imeipinga, imetoa mfano. Hizo kazi ndizo ramani yako ya kurudia.

Nje ya mazoezi, soma kila siku makala moja ndefu ya Kiingereza kwenye kompyuta, ya mada usiyoipenda, bila kugusa simu.

Hatua ya 7: Daftari la makosa

Ukimaliza zoezi, usiangalie majibu. Rudia maswali yote uliyoyawekea bendera, safari hii bila saa, uchague upya. Ndipo usahihishe. Swali ulilokosa mara zote mbili ni la kujifunza upya. Ulilolipata bila saa ni tatizo la kasi. Kwa kila kosa andika kwa mkono, kwa Kiswahili kama ndiyo lugha unayofikiria vizuri zaidi, kwa nini jibu lako lilikuvutia na kwa nini ni baya. Mtu anayefanya mazoezi machache kwa namna hii huwapita wanaomaliza mitihani mingi bila kusahihisha.

Mwezi wa mwisho fanya mtihani kamili mara moja kwa wiki, saa ileile ya siku utakayofanya mtihani wako, bila chai mezani.

Hatua ya 8: Insha

Insha hufanywa kando, nyumbani, kwenye kompyuta ya Windows au Mac yenye kamera, na hufunguliwa siku 8 kabla ya mtihani. Una dakika 15 za kupanga na 35 za kuandika. Unapewa swali lenye mitazamo kadhaa, unachagua msimamo na kuutetea huku ukijibu angalau mtazamo mmoja unaokupinga. Haina alama, lakini shule zinaisoma, na kwa anayefanya mara ya kwanza matokeo hayatoki mpaka iwepo. Imalize mapema.

Baada ya mtihani

Ipo huduma ya kulipia inayokuruhusu kuona alama kabla ya kuamua kuzibakiza au kuzifuta, na dirisha la uamuzi ni siku 6. Unaruhusiwa kufanya mara 5 ndani ya kipindi ambacho alama zako bado hutumwa shuleni na mara 7 maishani. Ukitaka kurudia, fungua daftari la makosa kabla ya kufungua ukurasa wa kujisajili, kisha chagua tarehe itakayokupa nafasi ya kulimaliza.