Mtoto wenu Kanada ameitwa na timu ya hoki: aende ligi ya junia ama asubiri chuo?

Hii naandikia familia za hapa Nairobi zenye kijana Kanada ama Marekani anayecheza hoki ya barafu, juu uamuzi ukifika simu inapigwa nyumbani, na shangazi na mjomba wanaulizwa maoni kuhusu mchezo ambao wameona tu pale Panari, Mombasa Road. (Ukisema hoki hapa watu wanafikiria City Park, hiyo ni ingine kabisa.)

Kwanza mjue ni nani na nani wanamvuta. Upande mmoja kuna CHL, hiyo ndiyo junia ya juu ya Kanada (ligi ya vijana), ambayo ni ligi tatu pamoja: WHL ya magharibi, OHL ya Ontario, na QMJHL ya Quebec na mikoa ya kule Atlantiki. Wachezaji ni wa miaka 16 hadi 20. Kijana anahama kwao, anakaa na familia aliyotafutiwa na timu, anasoma shule ya hapo karibu, timu inagharamia malazi na vifaa na kumpa hela kidogo ya matumizi. WHL na OHL ni mechi 68 kwa msimu kabla ya mtoano, na safari ni za basi, mfano Portland hadi Prince George ni zaidi ya kilomita 1,000, sasa fikiria kijana wa Form Three anafanya homuwaki hapo ndani usiku. Upande wa pili ni NCAA, yaani shirika linalosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, mechi kama nusu ya hizo na nyingi ni Ijumaa na Jumamosi, hizo siku zingine ni darasa, jimu na mazoezi. Kwa kijana mwembamba ambaye mwili haujajaza hiyo jimu ni kitu kubwa sana.

Sasa, ushauri mwingi mtakaopewa umepitwa na wakati. Zamani ukishachezea CHL, NCAA Divisheni ya Kwanza ilikuhesabu kama mchezaji wa kulipwa na mlango ulikuwa umefungwa, ndio maana Cale Makar, ambaye sasa ni nyota wa NHL (ligi kuu ya kulipwa), alibaki ligi ndogo ya Alberta na timu ya Brooks halafu akaingia chuo cha UMass. Novemba 2024 NCAA ilipiga kura kubadilisha hiyo sheria, na kuanzia tarehe 1 Agosti 2025 mchezaji wa CHL anaweza kwenda chuo. Kijana mmoja, Gavin McKenna, alitoka Medicine Hat Tigers ya WHL akaenda chuo cha Penn State mwaka huo huo. Kwa hivyo mtu akiwaambia "akienda junia amepoteza chuo", huyo bado yuko na habari za kale. Kinachofunga mlango saa hii ni kusaini mkataba wa NHL, na gredi.

Hapo kwa gredi nawaomba mkae kidogo, maana hapo ndipo vijana wataumia. Divisheni ya Kwanza inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa gredi (GPA) usiopungua 2.3 kwa 4, na kati ya hayo 16, kumi lazima yawe yameisha kabla mwaka wa mwisho uanze, saba yakiwa ya Kiingereza, hesabu ama sayansi, na hayo kumi hayarudiwi kupandisha gredi. Kijana wa miaka 16 anayehamia timu mji mwingine anabadilisha shule na pengine mkoa, na ni rahisi apangiwe masomo mepesi yasiyohesabiwa ili asichoke. Kwa hivyo kabla ya kusaini chochote ulizeni shule mpya orodha ya masomo yake kwa maandishi, mlinganishe na yale NCAA inakubali, na mwenye kufuatilia awe mzazi, msimwachie kochi.

Halafu someni mkataba wa junia neno kwa neno. CHL ina skolashipu, kwa kawaida kila msimu aliocheza unampa mwaka mmoja wa karo, na anaweza kuitumia hata vyuo vya Kanada. Ni pesa ya maana, lakini ina masharti: ulizeni lazima aanze kuitumia ndani ya muda gani baada ya kumaliza junia, na nini kinatokea akisaini mkataba wa kulipwa. Kama jibu ni la mdomo tu, hamjajibiwa.

Upande wa chuo pia msishtuliwe na neno skolashipu, ulizeni ni asilimia ngapi ya gharama na ni ya miaka mingapi. Harvard, Yale, Cornell na wenzao wa Ivy League hawatoi skolashipu ya michezo, wanasaidia kulingana na uwezo wa familia. Na akiwa Marekani kwa F-1 (ruhusa ya mwanafunzi wa kigeni), hata kama ana paspoti ya Kanada, pesa za matangazo zinaweza kumharibia hiyo ruhusa, aongee kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni.

Swali la mwisho ni atacheza? Maoni yangu, kijana wa 16 ambaye kochi amemwambia wazi atakuwa anaingia uwanjani kila mechi, aende junia. Yule anayeambiwa "tutaona", abaki nyumbani na timu yake, ama aangalie USHL (junia ya Marekani) ama BCHL (junia ya British Columbia), ambazo haziko ndani ya CHL, amalize masomo, aende CHL akiwa 17. Ulizeni wachezaji wangapi wa nafasi yake wanarudi msimu ujao, na ombeni namba ya mzazi ambaye mtoto wake alishapita hiyo timu.

Na kama ejenti anataka kuongea na familia yote, kumbukeni saa mbili usiku ya Calgary ni alfajiri hapa, saa kumi na moja ama kumi na mbili kutegemea msimu, kwa hivyo mwambieni aweke Jumamosi asubuhi yao, hapa itakuwa jioni na kila mtu yuko macho na ameshasoma huo mkataba.