Ng'ombe akitupa mimba: cha kufanya kuanzia saa ya kwanza

Wafugaji wenzangu, somo hili ni la kila mwenye ng'ombe wa maziwa, awe na mmoja tu bandani au kundi zima machungani. Ng'ombe akitupa mimba, wengi wetu tunasikitikia ndama, tunawaachia mbwa kilichotoka, kisha tunasubiri apande tena. Ugonjwa hupenya hapo hapo. Naomba tukubaliane jambo moja: mpaka maabara iseme vingine, kila mimba iliyotupwa tuihesabu kuwa ya bruselosi.

Naitanguliza bruselosi kwa sababu haiishii kwa ng'ombe, inaingia hadi jikoni kupitia maziwa na kuwaugua watu. Bakteria wake hukaa kwenye mji wa mimba na kwenye kiwele. Mimba hutoka kuanzia mwezi wa 5, kondo la nyuma hung'ang'ania, na maji yale, damu na ute hujaa vijidudu kupita kiasi. Jua kali huviua upesi, lakini penye kivuli na unyevu hudumu wiki nyingi, hata miezi. Sisi wa Rungwe na Njombe, na ukungu wetu na matope yetu, tuna sababu ya kuwa waangalifu zaidi.

Hatua ya 1: Usiguse kwa mikono mitupu. Vaa glovu ndefu na mabuti, funika pua na mdomo. Wajawazito na watoto wasisogee kabisa. Fungeni mbwa mara moja, maana mbwa akiburuta kitoto kile hadi kwa jirani, ugonjwa umeshahama boma. Isitoshe, mbwa huweza kubeba kimelea cha neospora, ambacho nacho hutupisha mimba.

Hatua ya 2: Mtenge ng'ombe. Asiende machungani, mtoni wala joshoni na wenzake mpaka majibu yatoke na uchafu unaomtoka ukauke. Alishwe na kukamuliwa mwisho, na ndoo yake iwe yake peke yake.

Hatua ya 3: Mwite daktari au afisa mifugo, na utunze sampuli. Hapa ndipo tunapokosea sana. Kitoto kilichotoka na kipande cha kondo la nyuma ndivyo vyenye majibu kuliko damu. Viweke kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na barafu kuzunguka, wala si kwenye friji ya chakula. Daktari atachukua na damu kwa kipimo cha bruselosi kiitwacho Rose Bengal, kisha sampuli ziende maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) iliyo karibu. Damu ikitoka safi siku zile zile za kutupa mimba, msishangilie bado. Mwili huweza kuchelewa kuonyesha, kwa hiyo rudieni baada ya wiki 3 hivi.

Hatua ya 4: Fukia kilichobaki. Chimba shimo refu ambalo mbwa na fisi hawatalifukua, mbali na kisima, na umwage chokaa juu. Choma majani aliyolalia. Sakafu isuguliwe kwa maji na sabuni kwanza, ndipo imwagiwe klorini, maana klorini juu ya kinyesi ni kazi bure.

Hatua ya 5: Andika daftarini. Tarehe ya kupandwa, dume gani au mbegu gani, mimba ilikuwa na miezi mingapi. Umri wa mimba unamwelekeza daktari. Zikitoka changa, za miezi 2 hadi 4, na majike wanapandwa na dume mmoja wa kuazimana, atashuku trikomona au vibrio, magonjwa yanayoenezwa kwa kupandana. Dume huyo utamwona mzima wa afya, na bado akawa anaambukiza kila anakopita. Zikitoka nyingi kwa mkupuo baada ya mvua kubwa, huku ndama wachanga wanakufa, toeni taarifa siku hiyo hiyo: huenda ni Homa ya Bonde la Ufa, ile iliyoua watu zaidi ya 100 nchini mwetu Tanzania mwaka 2007. Ndigana kali nayo, ugonjwa wa kupe, kwa homa yake, huweza kutoa mimba.

Kuhusu chanjo ya bruselosi: ile iitwayo S19 hupewa mitamba wadogo, miezi 3 hadi 6, mara moja. Madume hawapewi, wala ng'ombe mwenye mimba. Ni chanjo ya vijidudu hai na ikimchoma mtu inaweza kumuambukiza, basi muachieni mtaalamu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mfugaji, Tukuyu: *Shikamoo daktari. Ng'ombe wangu katupa mimba ya miezi 7 juzi, kondo la nyuma linaning'inia bado. Jirani anasema nifunge jiwe literemke.*

Marahaba. Usifunge jiwe wala usivute. Utachana mji wa mimba, na damu ile itakurukia. Ng'ombe wengi huliachia lenyewe ndani ya siku kadhaa. Mpime joto asubuhi na jioni: likipita nyuzi 39.5, au akigoma kula, daktari amchome dawa leo leo. Maziwa ya siku za dawa yamwagwe.

Mwanachama, Njombe: *Wangu hatupi mimba ila anarudi joto kila siku 21. Ni bruselosi?*

Akirudi kwa siku 21 sawasawa, tazama kwanza muda wa kuhimilisha na lishe. Ukimwona joto asubuhi, ahimilishwe jioni. Ukimwona jioni, kesho asubuhi. Akianza kurudi ovyo, mara siku 35, mara 50, hapo mimba inashika na kufa, na vipimo vinahitajika.

Mama mfugaji, Mufindi: *Maziwa ya ng'ombe wetu aliyetupa mimba tumekunywa mgando mwezi mzima. Mume wangu ana homa inayokuja na kuondoka na viungo vinamuuma, malaria hakuna.*

Pole mama. Aende hospitali kesho, na amwambie daktari wazi kwamba nyumbani kuna ng'ombe aliyetupa mimba. Asipolisema hilo, atarudishwa na dawa za taifodi. Tiba ya bruselosi kwa kawaida ni dawa mbili pamoja, wiki 6, na asiache akipata nafuu. Kugandisha maziwa hakuui vijidudu hivi. Chemsheni mpaka yafurike, yapoe, ndipo mgandishe. Nawe na watoto mkapimwe.

Mwanachama, Makete: *Vipimo vimethibitisha ng'ombe wangu ana bruselosi. Kwa nini asichomwe sindano apone? Au nimpeleke mnadani?*

Ng'ombe hatibiwi bruselosi. Vijidudu hujificha ndani ya chembe za mwili, dawa haivifikii vyote. Wengi hutupa mimba mara moja tu, kisha wanazaa vizuri, ndiyo maana mnunuzi hatagundua, na ng'ombe huyo ataendelea kutoa vijidudu kwenye maziwa na kila azaapo. Mnadani ni kumpelekea mwenzako msiba. Mpeleke machinjioni ukiwa na karatasi ya majibu, umwonyeshe mkaguzi wa nyama kabla ya kuchinja, ili wachinjaji wavae glovu na kiwele na mji wa mimba vitupwe. Ng'ombe wengine wote wa bomani wapimwe kabla hujaleta mtamba mwingine, na huyo mtamba apimwe kabla hujamlipia.