Kumfuga kaa wa mtoni kwenye tangi la kioo: jiandae kwa siku ya kujivua gamba

Kaa wa mtoni anaweza kukaa kwako miezi na miezi, anakula, anachimba, halafu asubuhi moja unamkuta amekufa. Ukifuatilia, mara nyingi utakuta alikuwa anajivua gamba, au alikuwa amejivua siku mbili tatu nyuma. Mimi nafuga hapa Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, na kila nilichoweka kwenye tangi langu nimekiweka nikiifikiria siku hiyo.

Hatua ya 1: Mjue unayemchukua

Kaa wa vijito vyetu ni wa jenasi ya Potamonautes. Huyu hana haja na bahari kabisa. Jike hubeba mayai chini ya kile kifuniko cha tumbo, na yakianguliwa hutoka vikaa vidogo vilivyokamilika miguu na magando. Vile vikaa vyekundu vya mikokoni ambavyo watoto huviokota ufukweni Tanga ni wengine; hao wanataka maji ya chumvichumvi, na ukiwaweka kwenye maji ya mtoni watadhoofika polepole.

Mchukue kwenye mfereji wa shambani au kijito cha kijijini, na kabla ya hapo pita kwa afisa uvuvi wa wilaya umuulize utaratibu. Ndani ya hifadhi usiguse kitu. Usambara tuna hata kaa wa mtini, Potamonautes raybouldi, anayeishi kwenye maji yanayotuama ndani ya mashimo ya miti. Ukibahatika kumwona, mtazame na umwache, maana shimo la mti lenye maji yake na wadudu wake huwezi kulijenga sebuleni.

Chukua mmoja tu. Wawili watapigana, na atakayekuwa laini siku ile ataliwa. Mshike kwa nyuma, kidole gumba juu ya gamba na cha shahada chini, magando hayatakufikia. Mgeuze: kwa aliyekomaa, kifuniko cha tumbo kikiwa chembamba ni dume, kikiwa kipana kama ngao ni jike. Jike mwenye mayai mrudishe majini palepale.

Hatua ya 2: Tangi na mfuniko

Kwa kaa mmoja, fundi vioo akukatie tangi la urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 35. Mfuniko ndio wa kuutilia mkazo. Kaa wangu mmoja alipanda mpira wa pampu ya hewa usiku akatoka. Nilimkuta siku ya pili nyuma ya gunia la mkaa, vumbi na utando wa buibui vimemjaa miguuni, hasogei. Kaa huyu anaweza kupumua hewa, lakini matamvua yake lazima yawe na unyevu. Nilimweka kwenye beseni lenye maji ya kina cha kidole na jiwe la kuegemea, wala sikumzamisha. Baada ya kama saa nzima akaanza kutoa povu mdomoni, kisha akatembea.

Tangu hapo natumia wavu wa chuma uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao, na juu yake nusu tofali. Neti ya mbu ataikata. Pale mpira wa hewa unapopita, acha tundu la mpira tu.

Hatua ya 3: Nchi kavu na maji

Acha theluthi moja ya tangi iwe nchi kavu. Mawe makubwa yalaze moja kwa moja juu ya kioo, ndipo umwage mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, kaa atachimba chini yake na jiwe litamwangukia. Mchanga wa mtoni uoshe mpaka maji yatoke safi, kisha uuinamishe: upande wa nchi kavu uwe juu, upande wa pili maji yafike kina cha sentimita 12 hivi.

Pango litengeneze kwa chungu kilichovunjika. Liwe na upana wa mara mbili ya kaa mwenyewe, kwa sababu akishajivua atakuwa mkubwa kuliko alivyoingia. Tandaza majani makavu ya mti wa mkungu. Anajificha humo, na pia anayala.

Hatua ya 4: Maji

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku moja hadi mbili ili klorini itoke. Maji ya milima yetu yana madini kidogo, na ya mvua yana kidogo zaidi, kwa hiyo ndani ya tangi weka kipande cha jiwe la matumbawe la kujengea. Shaba ni sumu kwake: usiweke koki wala sarafu humo, na usitie dawa ya samaki kabla ya kusoma kama ina shaba.

Washa chujio la sponji wiki nne hadi sita kabla ya kumleta kaa, ukidondosha punje chache za chakula kila baada ya siku mbili. Bakteria watakaoota kwenye sponji ndio watakaogeuza amonia ya uchafu wake kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali. Baadaye badilisha robo ya maji kila wiki.

Hatua ya 5: Chakula

Mpe jioni, siku moja ndiyo, siku moja hapana: dagaa mmoja asiye na chumvi, konokono, kipande cha karoti, jani la mchicha. Alichobakiza kitoe asubuhi. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa yasikosekane, au ule mfupa mweupe mwepesi wa dome unaookotwa ufukweni. Ukimaliza kazi ya tangi osha mikono kwa sabuni.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Dalili huanza mapema. Anaacha kula, rangi inafifia, anakaa pangoni mchana na usiku. Hapo acha kila kitu. Kaa wangu wa kwanza nilimtoa nje akiwa katika hali hiyo, nikidhani anaumwa. Gamba lilikuwa limefunguka kwa nyuma kama mfuniko wa sanduku, na yeye alikuwa ametoka nusu. Alifia mikononi mwangu. Bado naumia nikikumbuka.

Kaa hutoka kinyumenyume kupitia ufa huo, akichomoa kila mguu, kila gando, hata ngozi nyembamba ya macho. Kisha huvuta maji mwilini ajitanue kabla gamba jipya halijawa gumu. Wakati huo ni laini kama ngozi iliyolowa, na gando haliwezi kubana kitu.

Asubuhi utaona kama kaa wawili, mmoja hasogei. Usikimbilie kumtupa. Chungulia kwa tochi: gamba tupu lina uwazi nyuma, macho yake yanapitisha mwanga, na halinuki. Kaa aliyekufa hunuka upesi. Gamba hilo liache humo humo, atalila na kurudisha chokaa yake. Kama alikuwa amekatika mguu, huenda ukaona mdogo umechomoza mahali pake. Utakua kadiri anavyojivua tena.

Usibadilishe maji wala kupanga mawe. Kwa kaa mkubwa ngoja wiki nzima au zaidi. Jioni atakayotoka mwenyewe na kumbana dagaa kwa gando, ndipo ufungue mfuniko ufanye usafi.